Sosi ya pilipili laini na kali, bila yai wala maziwa

Sosi ya pilipili inayowekwa mezani kwenye vibanda vingi vya chipsi Nairobi ni nyepesi: nyanya, pilipili, siki na maji, mara nyingine na konflawa kidogo ili ishike. Ina kazi yake, na kwa bhajia za moto sina neno nayo. Lakini iko sosi nyingine, nzito kama malai, inayong'ang'ania kiazi bila kudondoka, inayoteleza ulimini kwanza ndipo ukali ukafuata. Watu wengi hudhani lazima iwe na mayonezi au krimu ya dukani. Si lazima. Pilipili zilizopikwa, kitunguu saumu na mafuta ya kupikia vinatosha, mradi mafuta yaingie polepole sana. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo linaloamua kila kitu. Ukiwa na haraka katika zile dakika chache za kumimina mafuta, utabaki na pilipili zinazoogelea ndani ya mafuta. Ukitulia, utapata sosi.

Faida ya kuacha yai na maziwa si ladha tu. Yai bichi linaweza kubeba bakteria wa salmonela, na sosi ya mezani haipikwi tena baada ya kuchanganywa. Isitoshe, sosi hii italiwa na asiyekunywa maziwa, na anayefunga nyama na mayai wakati wa Kwaresima, bila mtu kuuliza imetiwa nini.

Vipimo vifuatavyo vinatoa karibu nusu lita:

- pilipili hoho za kijani 2 kubwa, kama gramu 300
- pilipili kali za kijani, zile ndefu nyembamba, 8. Au pilipili mbuzi 2
- kitunguu maji 1 cha wastani
- kitunguu saumu, punje 6
- mafuta ya alizeti au ya mahindi, mililita 120 (nusu kikombe)
- siki nyeupe, vijiko 2 vya mezani
- ndimu 1
- chumvi, kijiko 1 cha chai
- dania, shada moja dogo
- maji kidogo ya kuongezea

Sokoni

Kwa mama mboga wa mtaani utapata hoho, vitunguu na dania bila shida, na pilipili kali huwa zimepangwa kwa mafungu madogo pembeni. Ukitaka kuchagua kati ya aina nyingi, nenda Marikiti, yaani soko la Wakulima la Haile Selassie Avenue, na uende asubuhi mapema. Soko la City Park kule Parklands nalo ni zuri kwa pilipili na majani ya viungo, kwa kuwa familia za Kihindi zimekuwa wateja wake kwa miaka mingi.

Mwambie muuzaji unachotaka kutengeneza, maana anazijua bidhaa zake kukuliko. Ukimwambia, "Mama, nataka za kusaga sosi, si za kutupia kwenye mchuzi," atakuchagulia zilizokomaa, zenye nyama nene na ngozi inayong'aa. Pilipili changa za kijani huwa na ladha ya majani, na ukali wake haujakamilika. Tazama kikonyo: kikiwa kijani na kigumu, pilipili imevunwa karibuni. Kikiwa cheusi au kinang'oka kwa kuguswa, iache. Wakati wa mvua za masika, kati ya Machi na Mei, pilipili nyingi huanza kuoza kutokea kwenye kikonyo huku upande wa chini ukionekana mzima, kwa hiyo zibonyeze moja moja.

Usichanganye pilipili nyekundu na za kijani kwenye sosi moja. Ladha haitaharibika, lakini rangi itakuwa ya kahawia isiyovutia. Ukitaka sosi ya rangi ya chungwa, tumia hoho nyekundu na pilipili nyekundu zote, uache dania. Hoho nyekundu ni ile ile ya kijani iliyoachwa ikaiva mtini, ndiyo maana bei yake huwa juu na utamu wake umezidi. Kwa toleo hilo la nyekundu napendelea pilipili mbuzi, kwa sababu harufu yake inakaribia ya matunda na inapatana na utamu wa hoho iliyoiva.

Kuhusu mafuta: nunua yale yanayobaki majimaji hata kukiwa na baridi. Mafuta ya mgando yatakuachia chembechembe kwenye ulimi mara sosi ikipoa. Mafuta ya nazi, ambayo ni matamu sana kwenye vyakula vingine, huganda chini ya nyuzi 24 hivi, na asubuhi za Julai hapa Nairobi ni baridi kuliko hapo kwa mbali, sembuse ndani ya friji.

Ukali uwe chini ya amri yako

Ukali wa pilipili unatokana na kemikali iitwayo kapsaisini. Mwaka 1912 mfamasia wa Marekani, Wilbur Scoville, alibuni njia ya kuupima, na kipimo hicho kinaitwa kwa jina lake hadi leo. Hoho hupata 0. Pilipili mbuzi na jamaa zake wa kundi la habanero huwa kati ya 100,000 na 350,000. Pengo hilo ndilo linalokurahisishia kazi. Hoho inaleta uzito na ladha, pilipili kali inaleta moto, na ukibadilisha idadi ya hizo kali peke yake, kila kitu kingine kinabaki kilivyo. Kwa hiyo usipunguze ukali kwa kuongeza maji au nyanya. Punguza pilipili.

Wengi huondoa mbegu wakidhani ndizo kali. Kapsaisini hutengenezwa kwenye ule utando mweupe unaoshikilia mbegu, na mbegu huwa kali kwa kugusana nao tu. Kama nyumbani kuna watoto au mgeni asiyezoea, pasua pilipili kwa urefu, ukwangue utando wote kwa ncha ya kijiko, kisha tumia nusu ya idadi niliyotaja. Kama mezani pako watu hupenda jasho liwatoke, acha utando kwenye nusu ya pilipili. Kuuacha kwenye zote nane hakukatazwi, ila ladha ya kitunguu saumu na ndimu itazimika, na mimi naona ni hasara.

Vaa glavu za plastiki, au mifuko safi ya nailoni kama huna glavu. Kapsaisini haiyeyuki kwenye maji, inayeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo mkono ulioshika pilipili ukiuosha kwa maji matupu unausambazia tu. Paka mafuta ya kupikia kwanza, sugua vidole na chini ya kucha, halafu osha kwa sabuni ya vyombo. Anayevaa lenzi za macho azivae kabla ya kuanza kazi hii, na akija kuzitoa usiku, aoshe mikono upya kwa njia hiyo hiyo.

Kuchoma, au kuchemsha kama unaishi chumba kimoja

Kuchoma kunaleta harufu ya moshi ambayo hakuna kiungo cha dukani kinachoweza kuiga. Kama una jiko la makaa, subiri makaa yashike jivu jeupe, kisha panga hoho, pilipili na kitunguu kilichokatwa nusu juu ya wavu. Kwa gesi, weka wavu juu ya mwali wa wastani, au tumia kikaango kikavu. Geuza mara kwa mara. Hoho inahitaji kama dakika 12 hadi ngozi iwe nyeusi kwa mabaka na nyama ilegee. Pilipili nyembamba dakika 4 au 5. Punje za kitunguu saumu, zikiwa na maganda yake, dakika 8 hivi pembeni penye joto dogo. Usiruhusu kitunguu saumu kiungue. Kikiwa cheusi ndani, uchungu wake utasikika hadi tone la mwisho la sosi.

Hoho zikiwa tayari zitie kwenye sufuria na ufunike kwa dakika 10. Mvuke utaachanisha ngozi na nyama, kisha uibandue kwa vidole. Usiioshe chini ya bomba ili ngozi itoke haraka, kwa maana ule mchuzi wa kahawia unaotiririka ndio uliokuwa ukiutafuta ulipowasha moto. Vijipande vichache vyeusi vikibaki haidhuru. Pilipili nyembamba huna haja ya kuzimenya.

Sasa, moshi wa pilipili. Ukiishi bedsita, ambako kitanda na jiko viko chumba kimoja, au kwenye ploti ambayo milango yote inatazamana kwenye korido, kuchoma pilipili ndani kutakukohoza wewe na majirani, na mwenye pumu anaweza kuumia kweli. Chomea nje, au chemsha. Sosi ya kuchemsha ni laini zaidi kuliko ya kuchoma, ni ya kijani safi zaidi, na ninaipenda kwa samaki. Tia hoho zilizokatwa vipande, pilipili, kitunguu maji na kitunguu saumu kilichomenywa kwenye sufuria, mimina maji yafunike, uchemshe kwa moto wa wastani hadi hoho ipenywe na uma bila kusita. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na maji yetu huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, kwa hiyo mboga huchelewa kidogo kulainika kuliko Mombasa. Hesabu dakika 15. Chuja, na uhifadhi kikombe kimoja cha maji uliyochemshia.

Hoho ikiwa ngumu bado, rudisha motoni. Nyuzi ambazo hazijalainika hazisagiki vizuri na blenda ya kawaida, na sosi itabaki na mchanga mchanga hata ukisaga hadi mota inuke.

Poza kabisa

Hapa ndipo watu wengi huruka. Acha kila kitu kipoe hadi uweze kukishika mkononi bila kuhisi joto, dakika 20 au 30. Zipo sababu mbili. Ya kwanza ni usalama: kitu cha moto kikisagwa ndani ya jagi lililofungwa, mvuke unapanuka ghafla na kusukuma kifuniko, na mchuzi wa pilipili wenye moto ukirukia uso si jambo la mchezo. Ya pili ni kwamba mchanganyiko wa moto haushiki mafuta. Matone ya mafuta hukimbilia kuungana tena kabla hayajasambaa.

Mafuta

Tia kwenye blenda hoho, pilipili, vitunguu vyote viwili, siki, maji ya nusu ya ndimu na chumvi. Dania usiitie bado. Saga kwa dakika moja, zima, sukuma chini kwa mwiko yaliyorukia pembeni, saga tena dakika moja. Blenda ndogo za nyumbani hupata moto haraka, na joto la mota hupanda hadi kwenye jagi, kwa hiyo zipe nafasi ya kupumua katikati. Kama jagi lako ni kubwa na mchanganyiko haufuniki visu, hamia kwenye kile kikombe kidogo cha kusagia viungo ufanye kwa mafungu mawili. Visu vinavyozunguka hewani haviwezi kuchanganya mafuta.

Ikiwa visu vinazunguka lakini mchanganyiko umesimama, ongeza maji kijiko kimoja cha mezani, yale ya kuchemshia kama ulichemsha. Usizidishe vijiko viwili.

Kinachofuata ni kulazimisha mafuta na maji vikae pamoja. Kwa kawaida vinaachana. Lakini mafuta yakivunjwavunjwa kuwa matone madogo sana, na kila tone likazungukwa na kitu cha kulizuia lisiungane na jirani yake, mchanganyiko mzima unakuwa mzito na laini. Kwenye mayonezi kazi hiyo hufanywa na lesithini ya kiini cha yai. Hapa tunategemea nyuzi laini na pektini za hoho iliyopikwa, pamoja na kitunguu saumu, ambacho ni hodari sana katika hili: Walebanoni hutengeneza sosi yao nyeupe iitwayo toum kwa kitunguu saumu, mafuta, ndimu na chumvi, bila yai hata moja, na inasimama kwenye kijiko. Ndiyo sababu sikushauri upunguze zile punje sita, hata kama kitunguu saumu si kipenzi chako. Kikishachomwa au kuchemshwa hakiwashi tena, kinabaki kitamu.

Toa kile kifuniko kidogo cha katikati ya kifuniko cha blenda. Washa kasi ya chini. Anza na mafuta tone baada ya tone, kijiko cha kwanza kizima kikichukua karibu nusu dakika. Mchanganyiko ukishameza kijiko hicho, mimina uzi mwembamba usiokatika, mwembamba kuliko njiti ya kiberiti. Mkono ukichoka, simama, pumzika, endelea. Mililita 120 zote zichukue dakika 3 au 4.

Kama kifuniko cha blenda yako hakina tundu, zima, ongeza kijiko kimoja cha chai cha mafuta, funika, saga sekunde 15, rudia. Baada ya vijiko kama sita vya chai unaweza kuhamia kijiko cha mezani. Inachosha zaidi lakini matokeo ni yale yale.

Utajua inashika kwa ishara tatu. Sauti ya blenda inabadilika, inakuwa nzito na ya chini. Rangi inafifia, kijani kikolevu kinageuka kijani cha maziwa, kwa sababu yale matone madogo yanatawanya mwanga. Na juu ya mchanganyiko inatokea mikunjo inayokaa kidogo kabla ya kuzama. Ukiona mikunjo na mafuta bado hayajaisha, ongeza yaliyobaki bila kubadilisha mwendo. Yakiisha, tia dania iliyokatwakatwa, saga sekunde 10 tu, uzime. Kuendelea kusaga kwa kuifurahia kunaipasha moto na kuivunja. Dania nayo ikisagwa sana inapoteza harufu yake.

Asiye na blenda atumie kinu. Twanga kitunguu saumu na chumvi hadi kiwe uji unaonata, ongeza pilipili, kisha hoho kidogo kidogo, na mwisho mafuta kwa matone huku ukizungusha mchi upande mmoja. Haitakuwa laini kama ya blenda, lakini ladha yake ni nzito zaidi na binafsi ninaiona bora kwa nyama ya kuchoma.

Ikikatika

Ukiona madimbwi ya mafuta juu na mchanganyiko umekuwa kama punje punje, sosi imekatika. Usiimwage. Mimina yote kwenye bakuli, suuza jagi, tia vijiko viwili vya mezani vya maji ya uvuguvugu na punje moja ya kitunguu saumu iliyopikwa, saga hizo kwanza. Halafu, blenda ikiendelea, rudisha ile sosi iliyokatika kwa uzi mwembamba, kama ulivyofanya na mafuta. Inashika karibu kila mara. Kukatika huletwa na mafuta kuingia kwa kasi, mchanganyiko kuwa na joto, au maji kuwa machache mno. Ikikatika mara ya pili, iache kwenye friji nusu saa ndipo ujaribu tena.

Kuonja

Usionje kwa kijiko kitupu. Chemsha kiazi kimoja, kata kipande, chovya. Sosi ya mezani inaliwa na chakula kisicho na ladha kali, kwa hiyo chumvi inayotosha kwenye kijiko haitoshi kwenye kiazi. Kisha subiri dakika nzima kabla ya kuamua kuongeza pilipili. Mafuta hubeba kapsaisini ndani yake na kuichelewesha kufika kwenye ulimi, na ndiyo maana sosi hii inakuja pole halafu inapanda. Anayeonja na kuongeza papo hapo hujikuta amepitiliza.

Kinachohisiwa mdomoni ni moto bila kuungua. Kapsaisini huamsha vipokezi vile vile vya mishipa ya fahamu vinavyotambua joto kali. David Julius, mwanasayansi wa Marekani, aliitumia kapsaisini kuvigundua vipokezi hivyo, na mwaka 2021 akapewa Tuzo ya Nobel ya Tiba pamoja na Ardem Patapoutian. Kwa mtu aliyezidiwa mezani, maji ya baridi hayasaidii sana. Mpe maziwa au mala: protini yake, kasini, huishika kapsaisini na kuiondoa ulimini.

Ikikosa uchangamfu, ongeza ndimu iliyobaki kabla ya kufikiria chumvi. Ikiwa na uchungu kidogo wa hoho ya kijani, robo kijiko cha chai cha sukari kitautuliza. Ikiwa nzito kupita kiasi, maji kijiko kimoja, ukikoroga kwa mkono.

Kuihifadhi

Hapa naomba usipuuze. Kitunguu saumu kilichozamishwa kwenye mafuta na kuachwa kwenye joto la chumba kinaweza kukuza bakteria aitwaye Clostridium botulinum, anayestawi pasipo hewa na anayetoa sumu hatari sana isiyobadilisha harufu wala ladha ya chakula. Siki na ndimu husaidia, lakini vipimo vyetu ni vya ladha, havikukusudiwa kuifanya sosi ikae kabatini. Kwa hiyo isikae nje ya friji zaidi ya saa mbili, na usiwape wateja au marafiki kwenye chupa ukiwaambia itakaa rafuni.

Osha chupa ya kioo kwa maji moto na sabuni, ichemshe, iache ikauke kabisa. Jaza, funika, weka kwenye friji, kwenye rafu ya ndani badala ya mlangoni, na uimalize ndani ya wiki moja. Chota kwa kijiko safi na kikavu kila mara. Stima ikipotea zaidi ya saa nne, imwage. Kwa asiye na friji, tengeneza robo ya vipimo hivi na uile ndani ya saa hizo mbili. Robo hiyo ni ndogo mno kwa jagi la blenda, ndipo kinu kinapofaa.

Inaweza pia kugandishwa kwenye trei ya barafu na kutumika mchemraba mmoja mmoja. Ikiyeyuka huelekea kukatika, basi ikoroge kwa nguvu na kijiko cha maji ya uvuguvugu.

Namna nyingine za kuilainisha

Ukila wali na nyama ya ngamia Eastleigh utaletewa basbaas, sosi ya Kisomali ya pilipili za kijani, dania, kitunguu saumu na ndimu, na wapo wanaoitia maziwa ya mgando. Hii ndiyo njia ya haraka kuliko zote ikiwa hujakatazwa maziwa. Saga pilipili tatu mbichi, dania shada moja kubwa, punje mbili za kitunguu saumu, ndimu na chumvi, kisha changanya kwa mkono na kikombe kimoja cha mtindi mzito. Mala ya pakiti ni nyepesi, kwa hiyo ichuje kwanza kwa kitambaa safi ndani ya friji usiku kucha. Usiipike baada ya hapo, mtindi utakatika. Kaa nayo siku mbili au tatu tu.

Korosho mbichi, za Kilifi ukizipata, zinatoa ulaini wa ajabu. Loweka nusu kikombe kwenye maji ya moto kwa nusu saa, chuja, tia kwenye blenda pamoja na hoho, na upunguze mafuta hadi vijiko vitatu. Hii haikatiki kirahisi na inamfaa anayeogopa hatua ya mafuta. Waulize wageni kwanza kama kuna asiyepatana na karanga au korosho.

Parachichi ninalipa sifa pungufu. Ni tamu, ni laini bila kazi, lakini hugeuka kahawia baada ya saa chache na hufunika ladha ya moshi. Ila msimu likiwa jingi sokoni, lile linalotoka Murang'a likiwa limeiva sawasawa, saga nusu yake na pilipili mbili na ndimu, uile hapo hapo na chapati.

Mezani

Kwa chipsi na viazi karai, chovya ilivyo. Kwa mayai ya kuchemsha, pasua yai, paka kijiko kimoja kwanza, kachumbari juu yake, ili kachumbari isiteleze. Kwa samaki wa kukaanga na ugali, tumia ile ya kuchemsha na uongeze ndimu.

Kwa nyama choma au kuku, usiitumie kuloweka nyama wala kupaka nyama ikiwa bado motoni, kwa sababu joto la makaa huivunja na mafuta yake hudondokea moto na kuleta moshi mchungu. Chota kiasi kwenye bakuli tofauti, subiri nyama ishuke kwenye wavu, ikate, upake ikiwa moto. Kitakachobaki kwenye bakuli lile lililoguswa na nyama kisirudishwe kwenye chupa. Na kwa mahindi choma, ipunguze uzito kwa maji ya ndimu hadi iweze kupakwa kwa ganda la ndimu lenyewe, kama wauza mahindi wanavyopaka chumvi na pilipili ya unga barabarani.